Piga Hodi Kabla ya Kupiga Picha

Mnamo mwezi wa Agosti 2023 nilikuwa nimeketi ofisini nikisahihisha karatasi za mtihani wa fonolojia, kazi ambayo humfanya mhadhiri yeyote afurahie kukatizwa, simu yangu ilipolia kuashiria ujumbe. Mwalimu mmoja wa huku kwetu Magarini, ambaye tulisoma darasa moja utotoni, alikuwa ameniletea picha pamoja na swali fupi: "Huyu si mtoto wa kaka yako?"

Alikuwa ni yeye. Alikuwa amelala chali juu ya kitanda cha chumba cha kujifungulia, uso umelowa jasho, leso aliyojifunga kichwani imeteleza hadi sikioni, kinywa wazi, macho yamefumbwa kwa nguvu. Mwanga wa kamera ulikuwa umempauza uso ukawa kama uliopakwa unga, na ukutani nyuma yake kivuli kimesimama cheusi. Pembeni ulionekana mkono wa mkunga ndani ya glavu. Haukuonekana uchi wowote. Yamkini mtu wa sheria angeitazama picha ile akasema haina neno. Mimi niliifunika simu upesi, kama mtu aliyefungua mlango wa bafu akakuta kuna mtu ndani.

Aliyeipiga ni wifi yake, na hakuwa na nia mbaya. Mume wa binti huyu yuko Qatar kikazi, na wifi alitaka kaka yake amwone mwanawe tangu dakika ya kwanza. Aliipeleka picha Qatar. Kutoka Qatar ikarudi katika kundi la ukoo kwa maneno ya shukrani na dua. Kutoka kundi la ukoo ikaingia katika kundi la akina mama, na kwa muda wa siku mbili ikawa imefika katika kundi la wazazi wa shule ambako binti huyu anafundisha. Kila aliyeipeleka mbele aliipeleka kwa furaha. Hilo ndilo linalolifanya jambo hili liwe gumu kulizungumzia, maana hapana adui wa kumnyoshea kidole.

Alipomaliza likizo yake ya uzazi na kurudi darasani, alikuta ubaoni uso uliochorwa kwa chaki, macho yamefumbwa na kinywa wazi. Alichukua kifutio, akaufuta, akaandika tarehe, akafundisha hesabu za kugawanya. Hayo hakunieleza yeye. Nilielezwa na mwalimu mwenzake. Yeye alinieleza jambo jingine mwaka 2025, alipokuwa mjamzito tena. Alisema: "Shangazi, mara hii nitazalia nyumbani. Hospitalini siendi tena kupigwa picha."

Kauli hiyo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Itakumbukwa kwamba tangu tarehe 1 Juni 2013, serikali ilipotangaza kuwa akina mama watajifungua bila malipo katika hospitali za umma, jitihada kubwa imefanywa kuwashawishi wanawake waache kuzalia majumbani. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba takriban watoto sita katika kila kumi nchini walizaliwa katika vituo vya afya; ule wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa ni zaidi ya wanane katika kila kumi. Wanaosalia aghalabu ni wale walio mbali zaidi na walio maskini zaidi. Mwanamke wa Adu au wa ndani ya Garashi, anayeshikwa na uchungu usiku, huanza kwa kutafuta bodaboda na njia ya kupitika. Ameshapiga hesabu ya mambo mengi kabla hajaamua kwenda. Tukiongeza katika hesabu hiyo hofu ya kuonekana na kijiji kizima katika hali ile, hatuna budi kutarajia kwamba baadhi watabaki nyumbani. Na damu ikianza kumtoka mzazi aliye nyumbani, umbali ule ule uliomchelewesha kwenda ndio utakaomuua.

Nilipolizungumza suala hili na walimu wenzangu, niligundua kwamba wengi wao hulikabili kwa upande wa macho ya mtoto. Mmoja alinihakikishia kuwa taa ya kamera, ile tunayoiita flashi, humpofusha mtoto mchanga. Neno lenyewe, kwa njia, limechoka: flashi ni taa ya kamera, flashi ni kidude cha kuhifadhia kazi za kompyuta, na kumflashi mtu ni kumpigia simu ukakata kabla hajapokea ili yeye ndiye agharimike. Kiswahili kina neno mmweko, la mwanga wa ghafla kama wa radi, nami nitalitumia hapa, ingawa najua mwanafunzi wangu yeyote angecheka akinisikia nikimwambia mpiga picha azime mmweko.

Hofu hiyo ya upofu haina msingi wa kutosha. Mmweko wa kamera ya kawaida hudumu kwa sehemu ndogo mno ya sekunde, na mtoto mchanga huzaliwa na kinga yake: akimulikwa hufumba macho na mboni hujifinya. Hata kuhusu watoto waliozaliwa kabla ya wakati, ambao macho yao ni dhaifu kweli, uchunguzi mkubwa uliofanywa Marekani na kuchapishwa mwaka 1998 uliwahusisha watoto 409, baadhi yao wakavikwa miwani ya kupunguza mwanga. Ugonjwa wa retina unaowapata watoto wa namna hiyo haukupungua miongoni mwa waliovikwa. Uchunguzi huo ulihusu mwanga wa chumba wala si kamera, lakini unatosha kutuonyesha kwamba jicho la mtoto halipofuki kwa urahisi tunaoudhania. Hilo halina maana kwamba mtoto anaufurahia mmweko. Daktari Mfaransa Frédérick Leboyer, katika kitabu alichokitoa mwaka 1974, aliwataka wakunga wenzake wapunguze taa na kelele ili mtoto asitoke gizani akakumbana na jua bandia, na tangu hapo hospitali nyingi za Ulaya zilianza kufikiria upya taa zake.

Macho ninayoyahofia mimi ni ya mkunga. Naomba msomaji aifikirie dakika ya kwanza baada ya mtoto kutoka. Ndani ya dakika hiyo mkunga anamkausha mtoto na kumtazama kama anapumua. Asipopumua, ni lazima asaidiwe papo hapo. Ndani ya dakika hiyo hiyo mama hutakiwa adungwe sindano ya oksitosini ili kizazi kijikaze asivuje damu, na kuvuja damu baada ya kujifungua ni miongoni mwa mambo yanayowaua wazazi wengi zaidi duniani. Kisha kuna kitovu cha kubanwa na kukatwa, kondo la nyuma la kusubiriwa, na kuangalia kama mama amechanika. Hiyo ndiyo dakika ambayo mpiga picha anaitaka. Anasogea, anainama juu ya bega la mkunga, na mmweko unapasuka. Yeyote aliyewahi kupigwa picha usiku anajua lile doa la kijani linalobaki machoni kwa sekunde kadhaa, ukitazama huku liko na ukitazama kule liko. Fundi cherehani akipatwa na doa hilo huacha kushona mpaka lipite. Mkunga hana nafasi ya kusubiri.

Nyanya yangu, hawe kama tunavyosema sisi Wagiriama, alikuwa mkunga huku Marafa. Alizalisha kwa mwanga wa koroboi. Nilipokuwa msichana mdogo nilitumwa mara moja kumpelekea maji ya moto hadi mlangoni, si ndani, na nikaona jinsi alivyoiweka koroboi ile: nyuma ya bega lake la kushoto, chini, mwanga uangukie mikono yake. Uso wa mzazi ulikuwa gizani. Sikumwuliza sababu. Nilipokuwa mkubwa niliuliza, akanijibu kana kwamba nimeuliza kwa nini maji huteremka: "Kazi iko mikononi. Usoni kuna nini cha kutazama?" Na mle ndani hakuingia mtu ambaye mzazi hakumtaka, hata akiwa ni mavyaa wake.

(Wanafunzi wangu wa isimu waniwie radhi kwa kuchomeka jambo hapa. Kigiriama husema kuvyala pale Kiswahili sanifu kinaposema kuzaa. Kiswahili cha kaskazini, cha Lamu na visiwa vyake, nacho kilisema kuvyaa, na mabaki yake yamo ndani ya neno hilo mavyaa, yaani mama aliyemzaa mwenzako. Lugha hizi mbili zilitoka tumbo moja.)

Sisemi turudi kwenye koroboi. Tena ni unafiki kuilaani simu bila kutaja kwamba taa yake imewaokoa wengi. Katika zahanati zetu za mashambani umeme ukipotea usiku, mkunga humwomba yeyote aliye karibu amshikie tochi ya simu, na asipokuwapo mtu huibana simu baina ya shingo na bega. Simu za bei nafuu zenye tochi, zilipoenea nchini mwetu, watu walizipa jina la mulika mwizi. Sijui kama kuna jina lililobuniwa na umma wetu katika miongo hii lililo bora kuliko hilo. Basi taa ni ile ile. Tofauti ni kwamba tochi humulika kazi ya mkunga, ilhali mmweko humulika mtu, kana kwamba mwizi wa kumulikwa ni yule mwanamke aliyelala kitandani.

Lugha yetu ina la kusema hapa. Tunasema mwanamke amejifungua. Kile kijisehemu -ji- kinamfanya yeye awe mtenda na mtendwa kwa pamoja: anafungua na anafunguliwa, na mkunga kwa mujibu wa sarufi hiyo ni msaidizi tu. Kweli, tunasema pia kwamba mkunga amemzalisha fulani, lakini huo ni usemi wa mkunga na jamaa. Mzazi mwenyewe akisimulia husema "nilijifungua". Sasa sikilizeni alivyosema binti wa kaka yangu: "siendi kupigwa picha". Ametoka katika kujitenda akaingia katika kutendwa. Kitendo kikubwa alichokifanya kwa nguvu zake mwenyewe kimegeuka kuwa jambo lililompata, kama kupigwa na mvua.

Kitenzi piga ni cha ajabu katika Kiswahili. Tunapiga pasi, tunapiga simu, tunapiga magoti, tunapiga mbizi. Tunapiga hodi vilevile. Huku pwani mtoto hufundishwa hodi kabla hajafundishwa kuhesabu: mlango hata ukiwa wazi unasimama nje, unaita, unangoja "karibu". Ukiita mara tatu usijibiwe, unarudi ulikotoka. Hakuna aliyejifunza kwamba ukikosa jibu mara tatu unaruhusiwa kuingia. Lakini mtu yule yule anayesimama uani kwa adabu, anayekohoa ili wenye nyumba wajitengeneze, huingia na kamera ndani ya chumba ambacho mwenyewe hana hata uwezo wa kuvuta leso ajifunike, na haiti hata mara moja.

Mtu atasema: aliulizwa, naye alinyamaza. Mwanamke aliye katika uchungu hawezi kuitikia hodi. Hata akitikisa kichwa hatujui anamtikisia nani. Na hata akisema ndiyo, ni ndiyo ya mtu ambaye wakati huo angekubali lolote ili aachwe. Kwa hiyo hodi ya chumba cha kujifungulia lazima ipigwe mapema, siku akiwa amevaa viatu vyake, ameketi kwenye benchi la kliniki, na akili yake iko pamoja naye.

Hospitali alikojifungulia binti huyu, ambayo sitaitaja, ilipopata malalamiko ilibandika tangazo mlangoni kwamba ni marufuku kuingia na simu. Basi, kwisha. Wapo walionipongeza kana kwamba nimeshinda. Lakini tangazo lile lilinipa wasiwasi zaidi ya picha yenyewe, na sababu yangu ni Bungoma.

Mnamo Agosti 2013, miezi miwili tu baada ya huduma ya uzazi kutangazwa kuwa ya bure, mwanamke mmoja alikwenda kujifungua katika hospitali ya wilaya ya Bungoma. Wodi zilikuwa zimejaa. Alipozidiwa hakupata kitanda; alianguka akajifungua sakafuni, kwenye saruji, akazinduka anafokewa na kupigwa makofi na wauguzi. Mambo hayo yangeishia hapo, kama yalivyoishia kwa wanawake wengi ambao hatutawajua kamwe, lau si mtu aliyekuwa karibu na simu akayanasa. Picha zile zilionekana nchini kote. Kesi ilifika Mahakama Kuu ya Bungoma, na tarehe 22 Machi 2018 Jaji Abida Ali-Aroni aliamua kwamba haki ya mwanamke yule ya kuheshimiwa na haki yake ya kupata matibabu zilikuwa zimevunjwa, akaamuru alipwe fidia ya shilingi milioni 2.5 na aombwe radhi rasmi.

Msomaji na ajiulize: mwanamke wa Bungoma aliulizwa kama anataka kupigwa picha? Hakuulizwa, hata fahamu hakuwa nazo. Je, ilikuwa makosa kumpiga? Nimelitafakari swali hili kwa muda mrefu na sioni namna ya kusema ndiyo. Jirani haingii nyumbani mwako bila hodi, lakini akisikia unapigwa huvunja mlango. Na akishauvunja halali humo. Picha za namna ile zilipaswa kufika kwa wakili na kwa hakimu. Kwamba zilizunguka hadi zikawa kitu cha kutazamwa na kila mwenye simu, hilo lilikuwa deni jingine ambalo mwanamke yule alilipishwa, na sijui kama fidia ililihesabu.

Ndiyo maana sikubaliani na marufuku ya jumla. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015, uliowahoji wanawake 641 waliojifungua katika hospitali na vituo 13 nchini Kenya, uligundua kwamba mwanamke mmoja katika kila watano alisema alidhalilishwa kwa namna fulani. Baadhi walilalamika kwamba walikosa faragha, wengine kwamba walitupwa wakabaki peke yao, wengine kwamba walipigwa. Wodi yenye sifa hiyo ikifunga mlango na kuzifungia simu nje, inamlinda nani? Ninawaheshimu wakunga; nimezaliwa katika nyumba ya mkunga, na ninajua kwamba mmoja hufanya kazi ya watano. Wengi wao huchukia kamera kwa sababu iliyo ya haki kabisa, kwamba inawasumbua kazini. Lakini mkuu wa hospitali anayeiogopa kamera kuliko anavyoliogopa kofi ana maswali ya kujibu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2018 kuhusu huduma wakati wa kujifungua, lilipendekeza kwamba kila mwanamke awe na mwenzi amtakaye karibu naye. Macho ya mwenzi huyo ni bora kuliko kamera yoyote, maana huona na pia hushika mkono.

Sheria ipo. Katiba ya mwaka 2010 inalinda heshima ya mtu katika kifungu cha 28 na faragha yake katika kifungu cha 31. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inazihesabu habari za afya kuwa miongoni mwa zile za kutunzwa kwa uangalifu zaidi, na mnamo Septemba 2023 kamishna wa data aliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kutangaza picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi wao. Walimu wakuu wanaopenda kupamba kurasa za shule zao waliyasikia hayo vizuri. Lakini sheria hiyo imeyaacha nje mambo ya mtu binafsi na ya nyumbani mwake. Wifi aliyempelekea kaka yake picha ya mkewe ni vigumu kufikishwa mahakamani, wala mimi nisingependa afikishwe. Pale inapokoma sheria ndipo malezi yanapotakiwa kufanya kazi, na malezi ni kazi yetu walimu.

Ninalo pendekezo moja, dogo, lisilohitaji bajeti. Kila mjamzito anayehudhuria kliniki hupewa kijitabu cha afya ya mama na mtoto. Ndani yake mna mahali pa kupangia siku ya kujifungua: atakwenda hospitali gani, kwa usafiri gani, nani atamsindikiza. Uongezwe mstari mmoja: Je, unataka kupigwa picha? Nani apige? Lini? Sista wa kliniki auulize kwa sauti, mkwe akiwa nje. Jibu likiwa hapana, liheshimiwe hata mume akiwa waziri. Likiwa ndiyo, mmweko uzimwe, mpiga picha asimame upande wa kichwa cha mama, na asiguse kitufe mpaka mkunga aseme kwamba amemaliza. Na mama aliyesema ndiyo mwezi wa saba awe na haki ya kusema hapana saa ya mwisho, bila kuombwa sababu. Kuhusu wahudumu wenyewe na wanagenzi wao kupiga picha kwa simu zao za mfukoni, eti za kujifunzia, sina masharti ya kupendekeza: wasipige. Picha za kufundishia zina utaratibu wake, zenye idhini ya maandishi.

Sipingi picha. Ninayo moja ya kifungua mimba wangu, mwaka 2009, akiwa na umri wa dakika ishirini. Dada yangu aliipiga dirishani kwa mwanga wa asubuhi kwa sababu nilimwomba, na amefunikwa leso yenye maandishi ambayo nusu yake haisomeki. Siitoi kwa yeyote. Nyumba ikiungua nitaanza na hiyo kabla ya shahada zangu. Huko Mambrui, walikozoea mzazi akae ndani siku arobaini, picha ya kwanza ya mtoto ilikuwa ile ya kupelekwa studio Malindi arobaini ikishatoka, mtoto amepakwa wanja, nyuma kuna maua ya plastiki. Watu walisema ni kuogopa kijicho. Huenda. Lakini siku arobaini zilimpa mama nafasi ya kupona kabla ya kutazamwa, na hilo halihitaji kijicho ili lieleweke.

Kwa walimu wenzangu: mwongozo wa serikali wa mwaka 2020 unamruhusu msichana aliyejifungua arudi shuleni, na katika kaunti yetu ya Kilifi tunawapokea wengi. Kabla hajafika langoni, simu zimeshafika. Mwalimu anayeletewa picha kama ile niliyoletewa mimi asiulize "huyu si fulani?" Kuuliza huko ndiko kueneza kwenyewe. Aifute, amwambie aliyeileta aifute, na kama yeye ndiye msimamizi wa kundi, aseme hadharani kwamba picha za namna hiyo hazipiti hapa. Rafiki yangu aliyeniletea ile picha ameyasikia haya kutoka kinywani mwangu, akanuna wiki mbili. Nanyi wanafunzi, yule aliyeuchora uso ubaoni, nadhani leo yuko sekondari. Sitaki aadhibiwe. Ningetaka ajue kwamba yeye naye alitoka kwa uso kama ule.

Binti wa kaka yangu hakuzalia nyumbani. Tulizungumza kwa wiki tatu, mara nyingine kwa machozi, hadi akakubali kwenda zahanati nyingine, ndogo, yenye mkunga mmoja wa usiku. Siku ya kliniki nilikwenda naye. Mkunga yule alisikiliza kisa chote, akachukua kalamu, akaandika kwa wino mwekundu juu ya jalada la kijitabu: HAKUNA PICHA. Wifi alikuwapo. Alikuwa amekwisha kuomba radhi zamani, na alipoyaona maandishi yale aliinamisha kichwa.

Uchungu ulimshika usiku wa manane. Mtoto alikuwa ameshatoka na mkunga anashona, umeme ukakatika. Wifi ndiye aliyekuwa na simu. Aliwasha tochi akaishika chini, karibu na mikono ya mkunga, kwa muda wa dakika thelathini na zaidi, akibadilisha mkono kila ulipochoka, mpaka uzi wa mwisho ukafungwa. Hakuna aliyepiga kitu.

Picha ya kwanza ya mtoto yule ilipigwa siku ya saba, mchana, uani, chini ya mwembe. Mama yake aliniletea mwenyewe, na chini yake ameandika: "Shangazi, hii usimpe mtu." Sijampa mtu.